Possessed au Death? Kaseti za 1984 na ubishi wa nani alianzisha deth metali

Ni bendi ipi ya Marekani, Possessed au Death, iliyoanzisha deth metali, lile tawi la metali (roki nzito) lenye mngurumo na nyimbo za kifo? Tarehe mbili zinatosha kumaliza ubishi huu, ukiamua kuwa mvivu. Seven Churches, albamu ya kwanza ya Possessed, ilitoka Oktoba 1985. Scream Bloody Gore, albamu ya kwanza ya Death, ikafuata Mei 1987. Aliyetangulia ametangulia, kila mtu arudi kwao.

Tabu ni kwamba wanaoipigania Death wanazijua tarehe hizo kuliko mtu mwingine yeyote, na bado hawasogei hata hatua. Hoja yao ina uzito. Possessed, wanasema, walikuwa bendi ya thrashi, yaani metali ya kasi, yenye hasira za kupita kiasi. Death ndio waliotoka na kitu ambacho huwezi kukiita thrashi hata ukishikiwa fimbo. Kwa hiyo kinachotakiwa kujulikana si nani alitoa albamu kwanza, bali ni albamu ipi iliyokuwa deth metali kwanza. Hapo kelele huanza upya.

Nitaipitia kesi hii kwa ushahidi ambao wabishi wengi huutaja kwa kupita tu: kaseti za demo, yaani rekodi za majaribio ambazo bendi hutengeneza kabla ya albamu, zilizorekodiwa kati ya 1984 na 1986. Hukumu yangu naitoa mapema ili nisionekane kama nimeficha kitu. Mtindo waliuunda Possessed. Lakini sauti yake, ule mngurumo unaotambulika hata na mtu asiyejua lolote kuhusu muziki huu, kwa maoni yangu unatoka kwa mpiga dramu wa Florida ambaye hakuimba kwenye albamu hata moja ya Death.

Watoto wa shule, pande mbili za Marekani

Possessed walianza mwaka 1983 upande wa mashariki wa Ghuba ya San Francisco, California. Mike Torrao alishika gitaa, Mike Sus dramu, na Jeff Becerra akaingia kupiga besi na kuimba. Baadaye akajiunga mpiga gitaa Larry LaLonde, mzaliwa wa Septemba 1968. Fanya hesabu: walipoingia studio kurekodi Seven Churches katika likizo ya Pasaka ya 1985, LaLonde alikuwa na miaka 16. Walirekodi likizoni kwa sababu siku nyingine walitakiwa kuwa darasani.

Mwaka huohuo wa 1983, huko Altamonte Springs karibu na Orlando, Florida, Chuck Schuldiner, naye akiwa na miaka 16, aliunda bendi pamoja na Rick Rozz kwenye gitaa na Kam Lee kwenye dramu. Waliiita Mantas. Hilo lilikuwa jina la jukwaani la mpiga gitaa wa Venom, bendi ya Newcastle, Uingereza, iliyotoa Welcome to Hell mwaka 1981 na Black Metal mwaka 1982. Sihitaji ushahidi mwingine wa nani alikuwa kichwani mwa vijana hawa. Possessed nao walitoka kwa Venom, wakaongeza Slayer, bendi ya thrashi ya California. Ndiyo maana pande zote mbili zinafanana kiasi hiki bila kuwa zimekaa chumba kimoja: walisikiliza rekodi zilezile, umri uleule, wakiwa maelfu ya kilomita mbali.

Mwaka 1984 kila upande ulitoa kaseti. Ya Possessed iliitwa Death Metal. Ya Mantas iliitwa Death by Metal.

Jina halithibitishi kitu

Watetezi wa Possessed hupenda kuanzia hapa, na nadhani wanapoteza muda. Becerra ameeleza kwamba jina lilimjia akiwa darasani, kipindi cha Kiingereza, na kwamba walitaka neno litakalowatenga na wengine wote. Sina sababu ya kumkatalia. Wimbo wa mwisho wa Seven Churches unabeba jina hilohilo, kwa hiyo kama ni hati ya umiliki, wanayo.

Ila mwaka huohuo wa 1984, lebo ya Noise ya Berlin ilitoa albamu ya mkusanyiko wa bendi nne na kuiita Death Metal. Ndani yake walikuwamo Hellhammer wa Uswisi, ambao kweli wana nafasi katika ukoo huu, lakini pia Running Wild na Helloween. Helloween! Bendi ambayo miaka michache baadaye ikawa nembo ya pawa metali, sauti za juu, nyimbo za kuimba pamoja uwanja mzima. Kama jina lingekuwa ndilo linaloamua, tungelazimika kuwapa Helloween fungu lao la urithi.

Kilichokuwa kikitokea ni rahisi. Neno lilikuwa hewani. Baada ya Venom kuiita albamu yao Black Metal, kila kijana mwenye gitaa alikuwa akitafuta neno la kutisha la kubandika mbele ya metali, na kifo hakihitaji ubunifu mkubwa. Jina linatuonyesha hamu ya wakati ule. Kuhusu muziki wenyewe halisemi kitu.

Kigezo

Mabishano mengi ya waanzilishi hukwama kwa sababu watu wanachanganya wimbo mmoja na mtindo mzima. Mfano unaotugusa sisi: katika ubishi wa thrashi, yupo ambaye lazima atamtaja Freddie Mercury, mtoto wa Unguja, kwa sababu Queen walirekodi Stone Cold Crazy mwaka 1974, wimbo mfupi wenye kasi na gitaa la kukatakata ambao Metallica waliurudia mwaka 1990 na kupata nao tuzo ya Grammy. Wimbo ni mzuri na hoja inafurahisha, hasa ukiwa unatoka pwani. Lakini Queen hawakurudi tena hapo, na hakuna bendi iliyojengwa juu ya wimbo ule. Ni mtangulizi. Mwanzilishi ni neno jingine.

Kwangu mimi, bendi imeanzisha mtindo pale inapokuwa na mkusanyiko wa tabia zinazokaa pamoja, wimbo baada ya wimbo, na bendi nyingine zikazichukua zikiwa zimefungwa pamoja hivyohivyo. Kwa deth metali tabia hizo ni nne au tano. Gitaa hupigwa kwa kuchokoa uzi mmoja juu na chini kwa kasi kubwa, hadi noti zinaungana na kuwa kama mvumo. Rifu, yaani vipande vifupi vya gitaa vinavyojenga wimbo, hufuatana moja baada ya nyingine bila kurudi kwenye kiitikio cha kawaida. Sauti ya mwimbaji huacha kufuata melodia na kuwa chombo kingine cha mdundo. Maudhui ni kuzimu, maiti na kuoza. Na hali ya wimbo kwa jumla ni ya kiza. Thrashi, hata ikiwa na hasira, mara nyingi inakualika kuruka.

Seven Churches inafaulu karibu yote. Magitaa yake yana ule mvumo kutoka mwanzo, na kuna sehemu ambapo rifu tatu zinapita kabla hujajua ya kwanza imeishia wapi. Ukiisikiliza sambamba na Hell Awaits ya Slayer, ya mwaka huohuo, utasikia tofauti: Slayer bado wanajua kila wakati wimbo unaelekea wapi, na mwimbaji wao Tom Araya bado anatamka maneno unayoweza kuyafuata. Possessed wanapiga kama gari lisilo na breki kwenye mteremko. Sehemu inayobaki nyuma ni dramu. Mike Sus anapiga midundo ya thrashi, na mara nyingine anayumba waziwazi. Hakuna mapigo ya mfululizo ya snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, ambayo baadaye yalikuja kuwa kitambulisho. Lakini Scream Bloody Gore nayo haina sana mapigo hayo, kwa hiyo hoja ya dramu haimsaidii mtu hapa.

Inabaki sauti, na hapo ndipo Possessed wanapobanwa.

Koo la Kam Lee

Becerra anafoka. Anafoka vizuri, kwa ukali ambao mwaka 1985 ulikuwa mgeni masikioni, lakini ni mfoko wa kifuani na puani, wa mtu anayepiga kelele kwa nguvu zake zote. Mngurumo wa deth metali unatoka chini zaidi, umezama, maneno yakisagwa kabla hayajatoka. Ukitaka kumpata anayefanya hivyo mapema, albamu hazikusaidii. Lazima uende kwenye kaseti.

Mantas walibadili jina na kuwa Death mwaka 1984, wakatoa demo ya Reign of Terror mwishoni mwa mwaka huo na Infernal Death Machi 1985, yaani wiki chache tu kabla au karibu sawa na siku ambazo Possessed walikuwa studio. Kam Lee alikuwa akipiga dramu na kuimba. Schuldiner pia aliimba katika kipindi hiki, lakini sauti ya Kam ndiyo nzito. Halafu mwaka 1985 Kam akaondoka, akaenda kuimba na bendi ya Massacre, nayo haikutoa albamu hadi From Beyond mwaka 1991. Miaka sita baada ya kanda zile. Kufikia 1991 kila mtu alikuwa ananguruma, na yeye akaonekana kama mmoja wao.

Ushahidi huu una doa, na sitalifunika. Kaseti ilikuwa ikinakiliwa kutoka mkono hadi mkono: mtu anatuma kanda kwa posta, mwenzake anatoa nakala, anaipeleka kwa mwingine nchi nyingine. Kila nakala iliongeza kelele za kanda. Zaidi ya hapo, mashine hazikuwa na kasi moja. Kinasa kinachokimbia kuliko kawaida hutoa nakala ambayo ukiichezesha kwenye mashine nyingine husikika polepole na nzito zaidi. Basi inawezekana kabisa kwamba mtu fulani huko Ulaya alisikia demo ya vijana wa Florida ikiwa nzito kuliko walivyoimba. Tarehe nazo ziliandikwa kwa kalamu na yeyote aliyenakili.

Hata ukiondoa hayo, tofauti inabaki, kwa sababu haihusu uzito wa noti peke yake. Inahusu namna ya kutumia koo. Kam haongezi nguvu anapofika kwenye mkazo, anashuka. Becerra anapanda. Kasi ya mashine haiwezi kukugeuzia jambo hilo. Na mwaka 2012 lebo ya Relapse ilitoa rekodi za Mantas kwenye diski, kwa hiyo siku hizi huhitaji kutegemea kumbukumbu ya mtu aliyekuwa na kaseti iliyochakaa.

Florida iliyorekodiwa California

Hoja ya pili ya upande wa Death ni Florida yenyewe: mtindo ulizaliwa pale, Tampa na Orlando, na Scream Bloody Gore ndiyo cheti cha kuzaliwa. Hii ndiyo hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, na inashangaza inavyorudiwa.

Tazama albamu ile ilivyopatikana. Bendi ilipovunjika mwaka 1985, Schuldiner alijaribu kuijenga upya kwa kila njia. Scott Carlson na Matt Olivo walikuja kutoka Flint, Michigan, wakakaa muda mfupi, wakarudi kwao. Schuldiner mwenyewe akahamia San Francisco kutafuta wapigaji, hakufanikiwa, akarudi. Mapema 1986 akaenda Toronto, Kanada, kujiunga na bendi ya Slaughter, nako hakukaa. Akarudi tena San Francisco, na safari hii akampata Chris Reifert, kijana wa huko aliyejua kupiga dramu. Wawili hao wakarekodi demo ya Mutilation mwaka 1986, na hiyo ndiyo iliyowapa mkataba na Combat, lebo ya New York. Combat ndio waliokuwa wametoa Seven Churches.

Walianza kurekodi albamu Florida, lebo haikuridhika na matokeo, wakapelekwa Los Angeles. Prodyuza akawa Randy Burns, na Burns ndiye aliyekuwa prodyuza wa Seven Churches. Schuldiner alipiga magitaa yote na besi na kuimba. Reifert akapiga dramu. Mpiga gitaa mwingine, John Hand, anatajwa kwenye albamu lakini hakupiga noti hata moja.

Kwa hiyo albamu inayoitwa mama wa Florida ilipigwa na Mflorida mmoja na Mkalifornia mmoja, ikarekodiwa California, na prodyuza wa Possessed, kwa pesa za lebo ya Possessed. Schuldiner hakuficha kwamba alikuwa shabiki wa Possessed. Mimi sisemi aliiga. Nasema kwamba mlango alioupitia ulikuwa umeshafunguliwa, na walioufungua walikuwa wanajulikana kwa majina. Reifert, kwa njia, alibaki California na kuunda Autopsy mwaka 1987, bendi ambayo peke yake ingetosha kumpa nafasi katika historia hii.

Florida tunayoijua ilianza mwaka 1988 na Leprosy, albamu ya pili ya Death, iliyorekodiwa studio ya Morrisound, Tampa. Hapo ndipo Scott Burns anapoingia kama fundi mitambo wa kurekodi, na baada yake wakafuata Obituary na Morbid Angel mwaka 1989, Deicide mwaka 1990. Cannibal Corpse walitoka Buffalo, New York, wakasafiri hadi Tampa kuitafuta sauti ya studio ile. Hiyo ni historia kubwa na Death wana haki ya kuwa mwanzoni mwake. Lakini ni historia ya mtindo kukua na kupata makao. Kuzaliwa kulishatokea.

Kwa nini basi Death wanashinda kura?

Kwa sababu walibaki. Possessed walitoa Beyond the Gates mwaka 1986, albamu iliyowavunja moyo wengi kwa sauti yake nyembamba, kisha EP (rekodi fupi kuliko albamu) ya The Eyes of Horror mwaka 1987, ambayo prodyuza wake alikuwa Joe Satriani, mwalimu wa gitaa wa LaLonde. Mwaka huohuo wakavunjika. Yaani walitoka ukumbini mwaka uleule ambao Death waliingia. LaLonde akaenda kwenye njia nyingine kabisa na baadaye akawa mpiga gitaa wa bendi ya Primus. Mwaka 1989 Becerra alipigwa risasi katika jaribio la wizi na akapooza sehemu ya chini ya mwili. Wakati deth metali inafika kwenye vichwa vya magazeti ya muziki, bendi iliyoianzisha haikuwa na mtu wa kuhojiwa.

Schuldiner kwa upande wake alitoa albamu saba kati ya 1987 na 1998, na kila moja ilisogea mbali na iliyotangulia. Human ya 1991 ilibadili mawazo ya watu kuhusu ufundi unaowezekana ndani ya muziki huu. Alipofariki kwa saratani ya ubongo Desemba 2001, akiwa na miaka 34, heshima zilikuja kwa wingi, na pamoja nazo ule msemo wa baba wa deth metali. Yeye mwenyewe alikuwa akiukataa sifa hiyo alipokuwa hai. Alisema yeye ni mtu tu wa bendi, na Death ni bendi ya metali, basi. Mashabiki wake hawajamsikiliza.

Wasiotajwa

Ukishakubali kaseti kama ushahidi, wengine wanabisha hodi, na haki inataka wafunguliwe. Walioumizwa zaidi na kalenda ya albamu ni Repulsion, bendi ya Carlson na Olivo baada ya kurudi Flint. Walirekodi mwaka 1986 kanda yenye kasi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia. Ikasambaa kwa posta hadi Uingereza, ikawaathiri waliounda graindikoa, mtindo wa jirani wenye kasi kubwa zaidi, na ikaja kutolewa kama albamu ya Horrified mwaka 1989, baada ya wanafunzi wao kujulikana kuliko wao. Waliosukuma itolewe walikuwa vijana wa Carcass, bendi ya Uingereza. Morbid Angel nao walirekodi Abominations of Desolation mwaka 1986. Ilikaa kabatini hadi 1991. Ukiipanga historia kwa tarehe za kutoka, rekodi hiyo inaonekana kuwa ya baada ya Altars of Madness, albamu yao ya 1989, wakati ni ya kabla yake kwa miaka mitatu. Paul Speckmann wa Chicago, na bendi zake Master na Deathstrike, ana malalamiko ya aina hiyohiyo, na ukimsikiliza utaona hayana chuki, yana tarehe. Necrophagia wa Ohio walitoa albamu yao mwaka 1987; watetezi wao wana juhudi kubwa, ila sijasikia bado hoja inayowatoa nyuma ya Possessed.

Wote hawa wanaitikisa nafasi ya Death zaidi ya wanavyoitikisa nafasi ya Possessed. Kufikia mwisho wa 1986 walikuwapo Florida, Michigan na Illinois watu waliokuwa tayari wanapiga muziki huu au kitu cha jirani yake, Schuldiner akiwa au asiwe. Kabla ya demo ya Possessed ya 1984 sioni nani mwingine aliyekuwa na tabia zote zile pamoja, isipokuwa sauti. Na mwenye sauti alikuwa Altamonte Springs, nyuma ya dramu.

Anayetaka kuipinga hukumu hii asianze na albamu. Aweke Infernal Death, halafu demo ya Possessed, halafu Seven Churches, kwa mpangilio huo, na asikilize koo kwanza, magitaa baadaye. Akiniletea kanda ya 1983 yenye vyote viwili, nitaibadilisha.